Pawa So ya Inchi Thelathini

Sugoi,
7 Juni 1987

Ndugu yangu Kipyego,

Chamgei. Pokea salamu za wote walio hapa nyumbani, watu na ng'ombe. Mvua imekuja vizuri, mahindi yamefika magotini, na yule ng'ombe mweusi alizaa ndama jike Jumapili tukiwa kanisani, bila kumsumbua mtu. Baba anakusalimu. Yuko. Msalimie mke wako Jepkemboi na mtoto, ambaye nadhani sasa anakimbia, kwa maana Krismasi ya pili imepita hatujamwona.

Nakuandikia juu ya pawa so, msumeno wetu wa injini. Ile ndogo uliyotuletea mwaka wa 1983 imezeeka. Ikiingia kwenye mti wa mwati inakohoa. Ikikutana na emitiot, ule mzeituni wa msituni ambao wewe mwenyewe unaujua ugumu wake, inazima, na upanga wake unabanwa ndani ya gogo mpaka upige kabari kuutoa. Kuni za mwati huisha upesi, na baridi ya Julai iko mlangoni. Kuna emitiot kubwa iliyoangushwa na upepo nyuma ya nyumba. Ingekatwa hiyo, tungeota moto mpaka mavuno.

Kwa hivyo baba anataka nyingine. Soma polepole: injini yenye nguvu zaidi, upanga mfupi, inchi kumi na sita zinatosha, na iwe nyepesi. Nyepesi, Kipyego. Na kamba ya kuwashia isiwe ngumu kuvuta. Thuo, yule fundi aliye karibu na soko la Eldoret, anazo za namna hiyo. Lakini wewe ulisema kitu cha maana hununuliwa Nairobi, basi tununulie.

Mimi dada yako,
Chelimo


Nairobi,
19 Julai 1987

Dada mpendwa Chelimo,

Barua yako imenifikia baada ya wiki tano. Nadhani mwalimu Kipkemboi, anayewapelekea barua posta, aliitembeza mfukoni kama kawaida yake. Sisi huku ni wazima. Jepkemboi ameanza kozi ya kupiga taipu, na mtoto anaongea Kiingereza kuliko mimi nikiwa darasa la saba. Ningekuja kuwaona, lakini siku hizi nafanya kazi chini ya Bwana Stephen mwenyewe, mkuu wa idara yetu, na mtu wa namna hiyo hamwachi karani wake ovyo ovyo.

Sasa hiyo pawa so. Dada, nilicheka mpaka wenzangu wakauliza kuna nini. Nyepesi? Kamba laini? Unamzungumzia baba yupi? Baba yetu aliyekuwa akivuta msumeno wa shimo kwa mzungu, juu yeye, chini wanaume wawili, na bado wale wawili ndio waliochoka? Huyo hawezi kuomba kifaa cha kike. Hayo ni maneno yako umemtilia kinywani. Na inchi kumi na sita ni za kukatia keki ya harusi. Ninyi okoteni kuni kama mama alivyookota, mambo ya injini muwaachie wanaoyaelewa.

Nitamtafutia baba kitu cha kiume. Bwana Stephen ana kiwanda cha mbao upande wa Burnt Forest, anajua mashine hizi zote kwa majina. Yeye anasema chini ya inchi thelathini ni mchezo wa watoto.

Halafu, ile miti ya mitarakwa ya mpakani mwa shamba imefika unene gani? Nauliza tu.

Ndugu yako,
J. Kipyego


Sugoi,
2 Agosti 1987

Kipyego,

Chamgei tena. Ndama anaendelea vizuri. Kuku wawili wameliwa na mnyama ambaye hatujamwona. Mwalimu Kipkemboi anasema hakuitembeza barua mfukoni, ila wewe ndiye ulichelewa kujibu, na mimi namwamini, kwa sababu muhuri wa posta kwenye barua yangu una tarehe, utazame.

Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipouliza, Baba anaendeleaje? Sikupaona. Nilipaona ulipouliza mitarakwa inaendeleaje. Basi, mitarakwa ni mizima, yote arobaini na mmoja, inakusalimu.

Wacha nikufundishe, maana Nairobi hawakukufundisha. Mtu anayekata kuni nyumbani huinama. Gogo liko chini. Ukiwa na upanga wa inchi thelathini, ncha inapita gogo, inaingia udongoni, inagonga jiwe, na cheni imekwisha makali kabla chai haijachemka. Ni kama kula uji kwa sepetu. Thuo ameniambia, na Thuo ameshika mashine hizi miaka ishirini: nguvu iko kwa injini, urefu ni wa kuangushia miti mikubwa iliyosimama. Nani amekuambia hapa kuna mtu anataka kuangusha mti uliosimama?

Na hilo jina "kifaa cha kike" liweke mfukoni, pamoja na beji yako ya chama. Wewe na huyo Bwana Stephen wako mmeshika kalamu tu.

Ile ndogo bado inalia kidogo kidogo. Majirani wakiisikia huko chini bondeni husema, Mzee Kiptoo bado ana nguvu. Wacha waseme.

Inchi kumi na sita. Nyepesi.

Chelimo


Nairobi,
20 Septemba 1987

Dada,

Salamu kwa wingi. Samahani kwa kukawia, tulikuwa na wageni wa wizara na nikapewa kuwapangia viti, kazi ambayo haipewi mtu yeyote tu.

Furahini! Pawa so iko njiani. Nimeiweka kwenye basi la Eldoret, mwambie mwalimu aichukue stendi Jumamosi. Inchi thelathini, mpya kabisa, injini ambayo hata chifu wenu hana. Mwambie baba sikutaka kumwaibisha kwa kitu kidogo. Akiiwasha, Sugoi nzima itajua ana mtoto wa kiume.

Ndani ya boksi kuna bahasha. Ni garantii, karatasi ya kampuni. Baba atie dole gumba pale chini, upande wa kulia, palipowekwa alama ya kalamu, kisha nirudishie haraka. Usijisumbue kuisoma, ni Kiingereza cha mafundi tu. Bila dole mashine ikiharibika hawatengenezi.

Ruhusa ya chifu ya kutumia pawa so usiwe na wasiwasi nayo, Bwana Stephen ameahidi kuzungumza na watu wanaohusika. Huyu mtu anatupenda sana, dada. Kuna nafasi ya cheo mwezi wa kwanza, na ameniangalia kwa jicho zuri.

Wako,
Kipyego


Sugoi,
11 Oktoba 1987

Kipyego,

Hatujambo. Mahindi yanakauka, tutavuna mwezi ujao Mungu akipenda.

Boksi limefika. Mwalimu Kipkemboi alilibeba begani kutoka barabarani na sasa hawezi kugeuza shingo, anafundisha akiangalia dirisha. Tuliiweka kwenye mizani ya maziwa: kilo kumi na moja, bila mafuta. Nilikuomba kitu chepesi, ukaniletea mtoto wa mwaka mmoja. Niliivuta kamba mara moja, nikarushwa nyuma, nikakaa kwenye matope mbele ya kuku. Kuku hawakusema kitu, lakini waliona.

Swali moja tu. Ulisema ni mpya. Ni mpya kweli?

Chelimo


Nairobi,
25 Oktoba 1987

Dada,

Haya, salamu. Wewe mwanamke, unavuta kamba ya nini? Mwachie baba! Nani alikutuma kushika mashine ya watu? Ndiyo maana nasema mambo mengine myaache.

Ni mpya, mpya, nimeitoa dukani kwa mkono wangu. Mbona unanihoji kama askari? Mtu anasaidia kwao, badala ya asante anapewa dharau.

Karatasi iko wapi? Hukuitaja hata kidogo. Bwana Stephen ameniuliza mara tatu. Ameniuliza kwa sababu yeye ndiye aliyenisaidia na hiyo garantii. Dole moja, dada! Baba anamaliza kwa dakika moja. Nataka irudi kabla ya Desemba.

Kipyego


Sugoi,
29 Novemba 1987

Kipyego, mtoto wa mama yangu,

Tumevuna. Magunia yako ghalani, makavu. Hizo ndizo habari za nyumbani. Sasa kaa chini, kama huko ofisini hukupangia wengine viti vyote.

Njia ya mwongo ni fupi, na yako haikufika hata Nakuru. Ile mashine niliipeleka kwa Thuo. Alifungua kifuniko chake cha pembeni, pale cheni inapozungukia, akachokora kwa bisibisi, na vumbi likamwagika mezani. Vumbi jekundu. Hatukuhitaji kuambiana, duka lote lilinuka mtarakwa. Thuo akapangusa bisibisi. Akasema, "Mama, hii imefanya kazi msituni mwaka mzima." Kifaa kipya kutoka dukani, kimejaa unga wa mtarakwa! Ala! Hata kuipangusa mlishindwa, wewe na bwana wako mkubwa?

Tena ukaniambia nisijisumbue kusoma. Mimi niliyekuchorea herufi ya A kwenye majivu ya jikoni, ukaifuta kwa makalio. Kiingereza changu ni kidogo, lakini "forty-one cedar trees" nimeelewa. "Lorry" nimeelewa. "December" nimeelewa. Maneno mengine mwalimu Kipkemboi alinimalizia, akiwa na shingo yake vile vile. Eti baba amekubali watu wa Stephen waingie shambani, wakate mitarakwa yote ya mpakani, na mashine imekwisha kutangulia. Kumbe hukututumia pawa so ya kukata kuni. Ulitutunzisha panga la kutuchinjia, na ukaomba tulipe dole.

Miti aliyoiokoa baba mwaka ule walipogawa shamba la mzungu na kila mtu akakata yake! Miti ambayo mama alikuwa akianikia nguo zako za shule! Uiuze upate kiti karibu na dirisha? Nina hasira, Kipyego. Niliiandika barua hii mara mbili nikachoma, kwa sababu matusi yaliyokuwemo si ya Mkristo.

Nilimsomea baba ile karatasi. Nilimsomea yote. Akasema, "Waite wazee."

Jumamosi walikuja sita. Aliwapokea akiwa amekaa pale pale anapokaa siku zote, blanketi juu ya mkono. Safari hii aliniambia niliondoe lile blanketi. Wakaona. Mzee mmoja akauliza, "Tangu lini?" Baba akasema, "Machi." Kila neno analitoa kama mtu anayevuta ndama kwenye matope. Yule mzee akasema, "Haiwezekani. Wiki jana nimesikia pawa so yako ikilia. Nilikuona bondeni na koti lako na kofia, nikakusalimu, ukainua mkono." Baba akanielekezea kidevu.

Wacha wee! Ungewaona. Kwetu mwanamke huokota, hukata tawi kavu kwa panga, basi. Mwanamke na injini! Mmoja akaanza kusema mila. Baba akasema neno moja, "Muonyeshe."

Nikavaa koti lake. Nikachukua so ya Thuo, maana nimeshanunua, nimeuza ndama wangu, yule yule aliyezaliwa Juni. Injini kubwa, upanga wa inchi kumi na sita, kilo sita. Kamba nikavuta mara moja. Ile emitiot iliyokuwa imetushinda miezi mitano niliipasua vipande vinane mbele ya wanaume sita waliosimama wakishika kofia zao. Nilipozima hapakuwa na mtu aliyetaja mila. Yule aliyeanza ndiye aliyebeba kipande cha kwanza kupeleka jikoni, na mpaka leo nacheka.

Sasa karatasi yako ndiyo hii, imo ndani ya bahasha. Baba ametia dole kama ulivyoomba. Igeuze. Upande wa nyuma mwalimu ameandika kwa Kiswahili: mitarakwa arobaini na mmoja ya mpakani haitakatwa maadamu Chelimo binti Kiptoo yu hai, naye ndiye mwenye kuiangalia. Dole liko chini ya maneno hayo, na wazee sita wameshuhudia. Nakala moja iko kwao, nyingine kanisani. Hii ni yako na Bwana Stephen.

Litazame hilo dole, Kipyego. Ni la kushoto. La kulia halijainuka tangu Machi, alipoanguka kwa kiharusi akifungulia ng'ombe. Alilala hospitali ya misheni ya Plateau wiki mbili, majirani tukawaambia amekwenda kwa jamaa Nandi. Mimi nilitaka kukuandikia siku ile ile. Alinikataza. Alisema, "Akiuliza, mwambie. Asipouliza, usimwambie. Sitaki aje na kamba ya kupimia shamba." Nimengoja. Barua tatu zako zimekuja, nikazisoma kila moja mpaka chini nikilitafuta swali hilo.

Mashine ya Stephen imerudi kwa basi lile lile. Vumbi nimeliacha ndani.

Chelimo


Nairobi,
13 Desemba 1987

Dada,

Nimesoma barua yako nikiwa nimejifungia chooni, kwa sababu ofisini nilishindwa. Sina salamu za maana za kukupa.

Nimemrudishia Bwana Stephen mashine yake na ile karatasi. Aliigeuza, akaisoma, akaitupa mezani. Jumatatu nilikuta meza yangu imehamishiwa koridoni, karibu na mlango wa nje. Usinihurumie. Najua hutanihurumia.

Nilijiambia ni miti tu. Kila siku nilijiambia hivyo. Na baba sikumwuliza kwa sababu moyoni mwangu yuko vile vile, juu ya msumeno wa shimo, anacheka. Nilidhani atakuwa hivyo mpaka nipate nafasi. Nimeona aibu, dada, aibu ya kweli.

Baba anaendeleaje?

Nataka kuja, mimi na Jepkemboi na mtoto. Nije na nini? Niambie saizi, uzito, kila kitu. Safari hii nitasikia.

Kipyego


Sugoi,
19 Desemba 1987

Kipyego,

Barua yako imefika kwa siku sita. Kumbe posta inaweza.

Baba anaendelea hivyo hivyo. Anakula, anakunywa maziwa yake ya mursik, mkono wa kulia bado umelala. Nilimwambia umeuliza. Alisema, "Aje." Neno hilo moja lilimchukua muda, nami nikamngoja alimalize.

Usilete kitu chochote kirefu. Mlete mtoto, na aongee naye Kiswahili, Kiingereza hapa kimetutosha. Asubuhi wewe ndiye utamwosha baba na kumvalisha, mwanamume kwa mwanamume, maana amechoka kuoshwa na binti yake. Mchana kuna miwati imelala bondeni inakungoja.

Shoka liko nyuma ya mlango. Pawa so ni yangu.

Chelimo